Jifunze Uyoga kwa Mfuko Mmoja Kwanza



Ikiwa shamba lako ni moja ya yale yaliyokatwa wakati wa Mpango wa Ekari Milioni Moja, ulioanza mwaka 1962, basi jambo moja walijua bila kufundishwa na mtu: watoto huongezeka, lakini ekari haziongezeki. Baba alipewa shamba lake, akalima, akalipa deni la ardhi pole pole. Watoto wakakua, wakagawana. Shamba lililokuwa la ng'ombe, mahindi na pareto sasa ni vipande, na katika kila kipande pana nyumba, zizi na jiko.

Kwa sababu hii wakulima wa skimu husikia mara kwa mara habari za mazao yasiyotaka ardhi. Zao moja linalotajwa sana siku hizi ni uyoga. Watu husema kwamba uyoga huota ndani ya nyumba, kwamba huchumwa baada ya majuma machache, na kwamba mjini hununuliwa kwa bei nzuri. Maneno hayo yana ukweli. Lakini mtu akisikia nusu tu ya habari, aweza kuuza ndama ili ajenge nyumba ya uyoga, kisha akabaki na mifuko iliyooza na deni la kulipa.

Leo twataka kukueleza njia ya kujifunza zao hili bila kugusa fedha ya karo wala ndama wa zizini. Njia yenyewe ni kuanza na mfuko mmoja tu uliokwisha pandwa mbegu. Mfuko huo ufanye shule yako. Usiufanye biashara.

UYOGA WENYEWE NI KITU GANI?

Uyoga tunaouzungumzia hapa umepewa jina la chaza wa baharini, kwa kuwa mwavuli wake umefanana na gamba la chaza. Dukani na sokoni wengi huuita oysta. Rangi yake huwa nyeupe, kijivu au hudhurungi, na nyingine ni ya waridi. Huota kwa vishada, mwavuli mmoja ukiegemea mwingine. Porini huota juu ya magogo na visiki vya miti iliyokufa. Watu wameupanda kwa zaidi ya miaka 100. Mjerumani Richard Falck aliandika mwaka 1917 jinsi ya kuupanda juu ya magogo na visiki.

Uyoga si mmea kama mahindi. Hauna majani ya kijani, wala hautengenezi chakula chake kwa nguvu ya jua. Mwili wake hasa ni nyuzi nyembamba nyeupe zinazojipenyeza ndani ya mti au majani makavu, zikiyala na kuyaozesha. Kile tunachochuma na kukila ni kama tunda. Nyuzi zikishashiba, zikapata maji, hewa safi na mwanga kidogo, ndipo zinapotoa matunda yake.

Ukilifahamu jambo hili moja, umefahamu nusu ya kazi. Kwanza nyuzi zile na zishibe. Kisha zitoe matunda.

MFUKO ULIO TAYARI

Mfuko ulio tayari umemaliza sehemu ya kwanza ya kazi. Mwenye kuuza amechukua majani makavu ya ngano, magunzi ya mahindi, vumbi la mbao au makapi ya miwa, akayapasha moto ili kuua vijidudu, akatia mbegu za uyoga, akayafunga katika mfuko na kuyaweka gizani mpaka nyuzi nyeupe zikaenea kote. Kazi yako wewe ni kufungua, kunyunyiza maji na kuchuma.

Unaponunua mfuko, uutazame vizuri kabla ya kutoa fedha. Mfuko mzuri ni mweupe karibu kote, tena ukiubonyeza ni mgumu kama mkate. Harufu yake ni nzuri, kama ya msitu baada ya mvua. Ukiona madoa ya kijani au meusi, au maji ya manjano yamejaa chini, au ukisikia harufu ya kuoza, usiuchukue hata ukipunguziwa bei.

Muulize mwuzaji maswali matatu. Je, mbegu zilitiwa tarehe gani? Je, ni aina ipendayo baridi au ipendayo joto? Je, mfuko huu umetengenezwa kwa kitu gani? Mtu aliyeutengeneza kwa mikono yake atajibu mara moja. Asiyeweza kujibu, mwache.

Swali la pili lina maana kubwa. Mkulima wa Kinangop au Ol Kalou hupata baridi kali usiku, hasa mwezi wa Juni mpaka Agosti. Mkulima wa Mwea hupata joto. Aina zipendazo baridi hukataa kuzaa vizuri mahali pa joto, na zile zipendazo joto husinzia kwenye baridi. Ukishaufikisha mfuko nyumbani, uufungue mapema. Ukikaa sana bila kufunguliwa, uyoga waweza kuanza kuota ndani ya plastiki na kuharibika.

MAHALI PA KUUWEKA

Mfuko mmoja hauhitaji nyumba yake. Watosha kona ya ghala, veranda iliyokingwa upepo, au rafu katika chumba kisicholaliwa na watu. Lakini yafaa mahali hapo pawe na mambo haya:

1. Pasipigwe na jua. Jua hukausha uyoga kwa saa chache.

2. Pawe na mwanga kidogo. Mwanga wa kutosha kusoma gazeti hili ndio unaotakiwa. Katika giza kabisa uyoga huota vibaya.

3. Pawe na hewa safi. Uyoga hupumua kama sisi, nao huchafua hewa ya chumba kilichofungwa.

4. Pasiwe na moshi. Usiuweke jikoni juu ya meko, ingawa pana joto.

5. Pasiwe karibu na dawa za kunyunyizia mimea, mbolea ya chumvi wala mafuta ya taa.

6. Panya na kuku wasifike. Panya hupenda sana nafaka iliyopandiwa mbegu za uyoga.

KUFUNGUA NA KUNYUNYIZA

Nawa mikono kwa sabuni. Chukua wembe au kisu kikali, ukisafishe kwa maji ya moto, kisha pasua mfuko ubavuni kwa alama ya msalaba, kila mstari urefu wa sentimita 5 hivi. Mfuko mdogo wa kilo 2 watosha kupasuliwa mahali pawili. Ukipasua mahali pengi, mfuko utakauka, na uyoga utakuwa mdogo mdogo.

Kisha nyunyiza maji safi yaliyopoa mara mbili au tatu kwa siku, na siku ya upepo mkavu mara nne. Nyunyiza kama umande, si kama mvua. Maji yasisimame ndani ya mfuko. Ukitaka kulinda unyevu, funika mfuko kwa kitambaa safi kilicholowa, lakini kisiuguse uyoga, tena acha nafasi ya hewa kupita.

Hapa twataka kukuonya kwa nguvu. Usitumie bomba ulilowahi kutilia dawa ya viazi, nyanya, mahindi au ng'ombe, hata kama umeliosha mara kumi. Uyoga hunywa kila kitu kilicho katika maji, na wewe na watoto ndio mtakaoula. Nunua kichupa kipya cha kunyunyizia, uandike juu yake UYOGA, na asiwepo mtu wa kukitumia kwa kazi nyingine.

Baada ya siku 7 mpaka 14, na huenda zaidi mahali pa baridi, utaona vichwa vidogo kama vya njiti za kiberiti vikitokea mahali palipopasuliwa. Hivyo ndivyo uyoga wenyewe. Tangu hapo hukua upesi sana. Waweza kuuona asubuhi ukiwa kama kidole, na kesho yake kama kiganja cha mtoto. Siku hizi usikose kunyunyiza. Vichwa vikikauka mara moja tu havifufuki tena.

UYOGA UKIKUSEMESHA, SIKILIZA

Faida kubwa ya mfuko mmoja ni kwamba una wakati wa kuutazama. Uyoga huonyesha waziwazi shida yake, nawe ukijifunza kuisoma kwa mfuko mmoja, utaweza kuisoma kwa mifuko mia.

Miguu ikiwa mirefu na myembamba, na miavuli midogo kama vifungo vya shati, hewa haitoshi. Fungua dirisha au uhamishe mfuko. Kosa hili ni la kawaida kwa wanaoanza, kwa maana mtu hudhani uyoga hupenda kufungiwa.

Miavuli ikipasuka kingo na kugeuka rangi ya majani makavu, maji ni machache au upepo ni mwingi.

Uyoga ukiwa laini, wa manjano, tena unateleza, maji yamezidi. Punguza, na uache hewa ipite.

Ukiona ukungu wa kijani juu ya mfuko, huo ni adui mkubwa wa zao hili. Uhamishe mfuko nje mara moja, mbali na mingine, uufukie katika shimo la mbolea. Usiupepete wala kuukung'uta ndani ya nyumba, kwa maana vumbi lake la kijani ni mbegu za ukungu. Kisha nawa mikono kabla ya kugusa mfuko mzima.

Vinzi vidogo vyeusi vikianza kuruka juu ya mfuko, vitataga mayai, na funza watatoboa uyoga. Weka wavu mwembamba dirishani, na usafishe mabaki ya uyoga uliokatwa. Usipulize dawa ya wadudu juu ya uyoga hata kidogo.

KUCHUMA

Chuma wakati kingo za miavuli bado zimejikunja kidogo kwenda chini. Usingoje mpaka zinyooke kabisa au kupinda juu. Uyoga uliochelewa huwa mgumu, hukaa siku chache tu, na humwaga vumbi jeupe jingi. Kwa kawaida ni siku 4 mpaka 7 tangu ulipoona vichwa vile vidogo.

Shika kishada chote kwa mkono, ukizungushe pole pole mpaka kitoke. Usichume mmoja mmoja na kuacha visiki, kwa sababu visiki huoza na kuita nzi.

Vumbi lile jeupe tulilolitaja linaweza kuleta kikohozi na kubana kifua, hasa kwa mtu anayelivuta kila siku. Mfuko mmoja hauna shida kubwa, lakini mtu mwenye pumu asiwe ndiye mchumaji. Tena mifuko ikiwa mingi, isiwekwe katika chumba cha kulala, na mchumaji afunge kitambaa puani na mdomoni.

Baada ya mavuno ya kwanza, safisha mahali palipochumwa, uache mfuko upumzike kama juma moja au mawili. Ukiona umekuwa mwepesi na mkavu, utumbukize katika maji safi ya baridi kwa saa kadhaa, uuzuie kwa jiwe usielee, kisha uutoe na kuuacha uchuruzike. Anza tena kunyunyiza. Mfuko mzuri hutoa mavuno mawili au matatu. Ya kwanza huwa mengi, na yanayofuata hupungua.

Mfuko ukichoka, usiutupe. Toa plastiki, na yaliyomo yatie katika mbolea au uyatandaze kwenye bustani ya mboga. Majani yale yameshalainishwa, nayo huleta rutuba.

ONYO JUU YA UYOGA WA PORINI

Mtu akishafanikiwa na mfuko wake, macho yake huanza kuona uyoga kila mahali. Tahadhari, ndugu mkulima. Kupanda uyoga wa chaza hakukufundishi kuutambua uyoga wa msituni. Kuna uyoga wenye sumu uuao mtu, na baadhi yake hauna harufu mbaya wala ladha mbaya. Wengine husema kwamba ukila konokono au mdudu ni salama, au kwamba sumu huonekana kwa kijiko cha fedha kugeuka rangi. Maneno hayo si kweli, nayo yameua watu. Kupika pia hakuondoi sumu hizo kali.

Basi usichanganye uyoga wa porini na wa nyumbani katika kikapu kimoja. Na hata katika mfuko wako, kikitokea kitu cha umbo jingine kisichofanana na wenzake, kikate ukitupe. Mtu aliyekula uyoga asioujua akaanza kutapika au kuumwa na tumbo, apelekwe hospitali mara moja, pamoja na kipande cha uyoga ule. Msingoje kwa sababu amepata nafuu. Sumu nyingine hutulia siku moja, kisha hurudi na kuharibu ini.

SASA TUFANYE HESABU

Wahenga walisema, mali bila daftari huisha bila habari. Tangu siku ya kwanza andika: tarehe ya kununua mfuko, bei yake, nauli, tarehe ya kuona vichwa, tarehe ya kuchuma na uzito wa kila mavuno. Kama huna mizani, omba kupimiwa dukani.

Mfuko wa kilo 2 si kilo 2 za chakula cha uyoga. Karibu theluthi mbili ni maji. Vitu vikavu hasa ni kama gramu 700. Mtu aliyetunza mfuko wake vizuri hupata, katika mavuno yote kwa jumla, uyoga mbichi wenye uzito wa nusu ya vile vitu vikavu mpaka kulingana navyo. Yaani gramu 350 mpaka 700. Wako wazoefu wanaopita hapo, lakini mwanafunzi asiwategemee hao katika hesabu yake.

Tutoe mfano. Tuseme mfuko umekugharimu shilingi 300, nao umekupa gramu 500. Basi kilo moja ya uyoga imekugharimu shilingi 600, kabla hujahesabu nauli, maji wala kazi yako. Bei hizi ni za mfano tu. Weka zako mwenyewe kutoka katika daftari. Kisha nenda sokoni, ukaulize wanunuzi watatu watalipa kiasi gani kwa kilo. Kama wanalipa shilingi 500, kila mfuko utakaonunua utakutia hasara, hata ukiota vizuri kuliko ya jirani zako wote.

Sasa umeona kwa nini tulisema mfuko ulio tayari ni shule. Bei yake ni ada. Ada hulipwa mara moja au mbili, halafu mwanafunzi huhitimu. Mwenye kununua mifuko mia iliyo tayari kwa fedha za mkopo amelipa ada mara mia bila kujua kama atafaulu mtihani.

Jihadhari pia na mtu anayekuuzia mifuko na papo hapo kuahidi kununua mavuno yako yote kwa bei ya juu. Mwombe aandike ahadi yake. Mwulize majina ya wakulima aliokwisha walipa, ukawatembelee mwenyewe. Kama hawapo, funga mkoba wako.

UKIFAULU: MIFUKO YA MIKONO YAKO

Ukisha kupata mavuno mazuri kutoka mifuko miwili kwa kufuatana, waweza kujaribu kutengeneza yako. Hapo ndipo mkulima wa skimu anapomshinda mtu wa mjini, kwa sababu chakula cha uyoga kiko kwake. Nyandarua na Uasin Gishu kuna mabua ya ngano. Lugari na Trans Nzoia kuna magunzi ya mahindi na mabua ya maharagwe. Mwea kuna majani ya mpunga. Chagua yaliyokauka vizuri, bila ukungu. Lakini kama majani hayo ndiyo lishe ya ng'ombe wako wakati wa kiangazi, ng'ombe aje kwanza.

Kwa kufupi, kazi ni hii. Katakata majani makavu kilo 10 yawe vipande vya sentimita 3 mpaka 5, magunzi yapondwe. Yatie katika gunia safi, uliloweke ndani ya pipa la maji, na uweke jiwe juu. Koka moto mpaka maji yawe ya moto sana lakini hayajachemka, nyuzi 60 mpaka 80, na yakae hivyo saa moja mpaka mbili. Watoto wasikaribie. Kisha ning'iniza gunia lichuruzike na lipoe kabisa. Ukikamua konzi moja kwa nguvu, litoke tone moja au mawili tu. Likichuruza, bado lina maji mengi.

Kilo 10 za majani makavu zikisha kulowa hufika kama kilo 30. Hizo zatosha mifuko 10 ya kilo 3, nazo zahitaji mbegu kilo 1 mpaka 1 na nusu. Mbegu ni nafaka, kama mtama au ngano, iliyoenea nyuzi za uyoga. Hutengenezwa mahali safi sana penye vyombo vyake, kwa hiyo usijaribu kuzitengeneza jikoni. Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta, kilichoko Juja, kimekuwa kikiwapatia wakulima mbegu za uyoga na mafunzo. Uliza kwanza kabla ya kusafiri, ili usirudi mikono mitupu.

Changanya mbegu na majani yaliyopoa kwa mikono safi, jaza mifuko ya plastiki ngumu, shindilia, funga, na utoboe matundu madogo pembeni. Weka gizani majuma 3 au 4, na zaidi mahali pa baridi, mpaka mfuko uwe mweupe wote. Kisha endelea kama ulivyofanya na ule mfuko wa shule. Katika mifuko hiyo 10 utapata, ukitunza vizuri, kilo 5 mpaka 10 za uyoga. Huenda mifuko miwili au mitatu ikaingiwa na ukungu wa kijani. Hiyo pia iandike katika daftari pamoja na bei ya mbegu, mifuko na kuni.

JIKONI NA SOKONI

Mavuno ya kwanza yaliwe nyumbani. Usimwuzie mtu chakula usichokijua ladha yake. Uyoga mbichi usiliwe, upikwe vizuri. Ukwangue uchafu, uuoshe upesi, uuchane kwa vidole kufuata mistari yake, na kata sehemu ngumu ya mguu. Kaanga vitunguu kwa mafuta kidogo, tia uyoga bila maji, kwa sababu hutoa maji yake mwenyewe. Yakisha kukauka, tia nyanya na chumvi. Huliwa kwa ugali, wali au chapati. Mtu anayeula mara ya kwanza aanze na kidogo, kwani matumbo ya watu wengine huukataa.

Wako wasemao kwamba uyoga ni sawa na nyama. Si hivyo. Katika gramu 100 za uyoga mbichi, maji hupita gramu 85, na protini ni kama gramu 3. Ni mboga nzuri yenye ladha, nayo huongeza protini kidogo katika sahani, lakini maharagwe, maziwa na mayai yasiondolewe mezani.

Uyoga uliochumwa hukaa siku 3 mpaka 5 mahali pa baridi. Usiufunge katika plastiki, maana hutoka jasho na kuteleza. Tumia kikapu au mfuko wa karatasi. Tena usisahau kwamba mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku Kenya tangu Agosti 2017. Usipouzwa wote, uchane na kuuanika juani chini ya wavu mpaka uvunjike kwa vidole. Kilo 10 za mbichi hutoa karibu kilo 1 ya mkavu, nao ukifungwa katika chombo kikavu hukaa miezi mingi.

Kabla ya kuongeza mifuko, tafuta wanunuzi: walimu wa shule ya jirani, hoteli ya barabarani, akina mama wa soko. Waonjeshe. Mnunuzi wa kilo moja kila juma aliye karibu ni bora kuliko hoteli ya Nairobi unayoifikiria tu. Ikiwa ninyi ni kikundi, hata watu watano, mwaweza kununua mbegu pamoja na kupokezana kuchuma, ili mnunuzi asikose hata juma moja.

Basi, ndugu mkulima, mwezi huu nunua mfuko mmoja. Wape watoto kazi ya kunyunyiza asubuhi kabla ya shule na jioni wakirudi, na wewe ushike daftari. Baada ya miezi miwili au mitatu fungua daftari lile, ukae na mama wa nyumba, mlisome pamoja. Kama hesabu inakubali, tengenezeni mifuko 10. Kama inakataa, mtakuwa mmekula mboga nzuri mara kadhaa, bustani imepata mbolea, na ndama wenu bado yuko zizini. Ukitaka msaada, mwone Bwana Shamba wa wadi yako, ukaende na daftari hilo mkononi.